Madam, mikono nyuma

Tumeingia Tanga saa moja jioni tukitoka mashindanoni Dar, miguu imevimba. Basi lilikaa Segera kuliko lilivyotembea. Watoto niliwakabidhi kwa wazazi wao mmoja mmoja pale stendi, na wa mwisho alipopakiwa kwenye bodaboda na baba yake ndipo nikagundua sanduku la roboti limebaki kwangu. Sasa Kibua yuko juu ya meza yangu ya chakula, kati ya birika na madaftari ambayo sijasahihisha.

Kibua ndiyo roboti yetu. Jina walimpa watoto wenyewe, maana msimu huu ulikuwa wa bahari na kibua ndiye samaki aliyekuwa sahanini mwao wiki nzima. Tunashindana kwa kanuni za FIRST LEGO League, ligi ya watoto iliyo chini ya FIRST, taasisi aliyoianzisha Mmarekani Dean Kamen mwaka 1989. Mada hubadilika kila msimu. Wa 2023–2024 ulikuwa wa sanaa, ukaitwa MASTERPIECE. Wetu huu, wa 2024–2025, ulikuwa SUBMERGED, chini ya bahari: nyangumi wa kulishwa, matumbawe ya kuotesha, papa. Roboti haina rimoti. Inakwenda kwa programu walizoandika watoto, na ina dakika mbili na nusu tu za kuhangaika juu ya meza. Meza yetu ya mazoezi aliitengeneza fundi seremala wa mtaani kwa plaiwudi, na ina mteremko kidogo upande wa dirishani. Tumeuzoea.

Kuna kanuni moja naipenda kuliko zote. Timu inaanza na visahani sita vyekundu. Roboti ikishatoka nyumbani kwake halafu mtoto akaigusa huko njiani, mwamuzi anachukua kimoja. Ukibaki na sita au vitano unapata alama 50, ukibaki na vinne zinashuka hadi 35, na kuendelea. Yaani mkono una bei. Ila ni mkono wa mtoto. Mkono wa mwalimu hawakuuwekea kisahani, na hapo ndipo nilipopitia mwaka jana.

Usiku wa kuamkia mashindano roboti ililala chumbani kwangu, gesti. Mkono wake ulikuwa hauna nguvu ya kunyanyua, watoto walikuwa wamelala wamenuna, na mimi kosa niliona mara moja: gia ndogo inazungusha gia ndogo mwenzake. Nikafungua. Nikaweka ya meno 12 izungushe ya meno 36, nguvu ikawa mara tatu na mwendo ukashuka hadi theluthi. Nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema. Asubuhi mkono ukanyanyua, watoto wakaruka kwa furaha, hakuna aliyeuliza.

Tukaingia kwa majaji. Mwalimu unakaa nyuma, kimya, watoto wanaeleza kazi yao. Jaji mmoja, dada mpole sana, akaonyesha kwa ncha ya kalamu: "Na hii gia kubwa, mliiweka kwa nini?" Binti wa darasa la sita aliyeunda ule mkono kuanzia kipande cha kwanza akaitazama gia, akawatazama wenzake, kisha akajibu kweli tupu.

"Tuliikuta asubuhi."

Majaji hawakucheka. Afadhali wangecheka. Wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama nikiwa kwenye kiti cha plastiki, nguo zote mwilini. Alama tulizopoteza nilizisahau kabla hatujafika Chalinze. Ambacho sijakisahau ni kwamba tangu siku ile yule binti akiacha kitu darasani jioni, asubuhi anakigeuza-geuza kwanza kabla ya kukigusa kwa kazi, aone kama bado ni chake.

Niliwaomba radhi, wakaitika haraka haraka kama watoto wanavyoitika mtu mzima akiwaomba radhi, wakitaka yaishe. Aliyenisaidia kweli ni kijana mmoja wa kidato cha pili. Alikuwa kwenye timu yetu akiwa msingi, na sasa anakuja kila Jumamosi kuwalea wadogo zake, halipwi hata nauli. Alichora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kutoka mezani, akaniambia kwa adabu zote, "Madam, ukifika hapa, mikono nyuma." Watoto wakaudaka ule msemo. Sasa hata nikikaribia ubao kurekebisha tahajia nasikia sauti kutoka nyuma: madam, mikono nyuma!

Na yeye ni mlezi kuliko mimi, niseme ukweli. Mtoto akimuuliza kwa nini Kibua anapinda kushoto, anajibu, "We unaonaje?" kisha anakaa kimya. Ule ukimya wake siuwezi. Mimi ndani ya sekunde tano nimeshajibu.

Ligi inataka watoto watafute pia tatizo halisi, walitafutie ufumbuzi na waupeleke kwa wenye tatizo. Wa kwetu wakaamua kuunda nyambizi ndogo ya kumpiga picha silikanti, yule samaki adimu wa kale. Si ndoto ya bure hapa Tanga. Wavuvi wetu walianza kumnasa samaki huyo kwenye majarife miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Lakini silikanti anakaa kilindini, na hawa wangu walikuwa hawajaweza kuziba kopo lisiingize maji kwenye ndoo. Nikajizuia. Mikono nyuma, na mdomo nao nyuma.

Tukaenda soko la samaki la Deep Sea, asubuhi, mashua zikishusha. Watoto wakamwamkia mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu, akaitika marahaba kwa wote kwa mpigo, wakamweleza nyambizi. Alisikiliza hadi mwisho, sindano ya wavu ikiwa hewani.

"Mkishampiga picha," akauliza, "mimi napata nini?"

Kimya. Basi akawaambia linalomnyima usingizi yeye. Anatega usiku, chombo cha injini kinapita gizani, hakioni maboya, kinakata wavu. Asubuhi anavuta kamba yenye nusu ya mali. Nyambizi ikafia palepale. Wiki mbili baadaye tulirudi na boya lenye taa: dumu la mafuta ya kula, betri, kihisi mwanga cha kuiwasha giza likiingia. Watoto walilibeba kama harusi.

Mzee akaliwasha kwa kuziba kihisi kwa kiganja, akalizima, akaliwasha tena. "Zuri," akasema. "Lakini wajukuu zangu, mwizi naye ana macho."

Kwa hayo maneno machache alifanya kazi ambayo mimi nisingeifanya kwa muhula mzima. Njiani hakuna aliyezungumza mpaka tukafika kwa mama lishe, ambako tulimtoa Kibua akazunguka mezani kati ya vikombe vya chai. Mama lishe akamtazama akienda, akirudi, akigeuka. "Anakuna nazi?" Hakani. "Haya, mleteni akijua." Watu huja na roboti kwenye mitaa wakitegemea kushangiliwa, nasi tulikuwa hivyohivyo. Waliotushangilia ni watoto wa shule tulizozungukia Ngamiani. Watu wazima walituuliza maswali ya bei na ya kazi, na wana haki yao.

Boya likabadilishwa liwake pale tu linaposikia mngurumo wa injini. Tulilijaribu ufukweni. Likasikia kila wimbi. Liliwaka na kuzimika kama disko, na watoto wa mitaa ya pwani wakaja kucheza. Tulikwenda nalo Dar likiwa hivyo, na safari hii majaji walipouliza kwa nini halifanyi kazi, yule binti, sasa yuko la saba, alifungua daftari akawaonyesha: siku gani walijaribu, bahari ilikuwaje, liliwaka mara ngapi bila injini. Alizungumza hadi mwenzake akamvuta sketi. Hakuna alichokikuta asubuhi.

Mezani hatukung'ara. Raundi ya kwanza mdogo wetu wa la tano alimwasha Kibua huku amembeba kifuani. Ndani yake kuna jairo, kihisi cha kupima roboti imegeuka kiasi gani, inayojipima wakati wa kuwashwa, na roboti ikitikisika wakati huo inaweka kipimo kibaya, kisha kila ikikata kona inakosea kidogo zaidi. Nilimwona akifanya hivyo. Kijana wa kidato cha pili aliyekuwa kando yangu alimwona pia, nikasikia akivuta pumzi. Hatukusema kitu. Kibua akaanza safari akaenda kumlisha nyangumi, akampita, akaugonga ukingo wa meza na kuendelea kuusukuma kama mbuzi. Visahani viwili vikaondoka. Mtoto akarudi machozi yakimlenga.

"We unaonaje?" kijana akamuuliza.

Alifikiri kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia. Raundi ya pili alimweka Kibua mezani kwanza, akarudisha mikono, akamwasha kwa kidole kimoja, akahesabu hadi tano kwa sauti, waamuzi wakitabasamu. Nyangumi alikula.

Kikombe hatukupata. Tena nikiri, timu moja ya mkoani ilipokuja kuazima waya wa kuchajia nusu saa kabla ya raundi yetu ya tatu, mimi ndiye niliyefungua mdomo kusema samahani, na watoto wetu ndio waliowapa kabla sijamaliza neno. Marehemu Woodie Flowers, profesa wa MIT aliyefariki 2019, ndiye aliyewaachia FIRST ule utaratibu wa kushindana kwa nguvu zote huku ukimtendea mpinzani wako wema. Kiingereza chake kirefu. Kwetu mwambao una neno moja, uungwana, na nilidhani mimi ndiye ninayewafundisha.

Keshokutwa tunarudi Deep Sea. Mzee alisema tusilitupe boya, kuna jambo anataka kulijaribu nalo, hakusema jambo gani.

Saa tano sasa. Chai imepoa. Gurudumu la kushoto la Kibua limelegea, linacheza nikiligusa kwa ukucha, ni suala la kusukuma ekseli ndani kidogo tu. Nimeshaliona tangu nilipoketi hapa. Nimechukua kanga nikamfunika.