Nyanya za masika Lushoto: kumbukumbu ya kuzuia bakajani

Machi, kuhamisha miche

Nafasi ni sentimita 60 kati ya mche na mche, 90 kati ya mistari. Ukibana zaidi ya hapo hewa haipiti, na kwa baridi ya Usambara jani lililolowa usiku linaweza kubaki bichi hadi saa nne asubuhi. Saa hizo za unyevu ndizo vimelea vya bakajani, ugonjwa wa madoa majanini, vinazozitaka. Tuta lilitoka kwenye maharage. Viazi mviringo, biringanya na pilipili, vilivyo jamii moja na nyanya, vikae mbali nalo miaka 3.

Viazi vilivyojiotea pembezoni vyote vimeng'olewa, kwa sababu bakajani chelewa (aina kali zaidi; nyingine ni bakajani tangulia) huvuka msimu ndani ya kiazi kilichobaki ardhini. Kuzungusha mazao peke yake hakusaidii kama viazi hivyo vimeachwa. Matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 5, yanazuia mvua isirushe udongo majanini.

Aprili, kinga

Vigingi vimesimikwa, mashina yamefungwa kwa kamba ya katani, na majani ya chini yameondolewa hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Kazi hii ifanywe majani yakiwa makavu tu.

Mankozebu, dawa ya unga ya kukinga majani, ya asilimia 80: gramu 40 kwa bomba la lita 16. Koroga kwanza kwenye ndoo yenye maji kidogo mpaka iwe uji laini, chuja, ndipo ujaze bomba. Unga huu hutuama, kwa hiyo bomba litikiswe kila baada ya mistari michache, la sivyo nozeli inaziba na mistari ya mwisho inapata dawa isiyo sawa na ya kwanza. Pulizia chini ya jani pia. Rudia kila siku 7. Dawa hii hukaa juu ya jani tu: inazuia, haiponyi, na mvua kubwa ikiiosha kinga imekwisha.

Aprili mwishoni, madoa

Majani ya chini yana madoa ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara, ukingo wa njano. Hiyo ni bakajani tangulia. Inatosha kuyachuma na kuendelea na kinga.

Jani moja la juu lina doa la kijani-kijivu, kama limeunguzwa na maji ya moto. Limewekwa kwenye mfuko wa plastiki na karatasi yenye unyevu, likalala humo. Asubuhi upande wa chini, ukingoni mwa doa, umeota utando mweupe. Ni bakajani chelewa, na hapa hakuna kusubiri. Mimea iliyoshikwa imeng'olewa na kufukiwa mbali, haikutupwa kwenye mboji. Iliyobaki imepuliziwa mchanganyiko wa metalaksili (dawa inayopenya ndani ya mmea) na mankozebu kwa kipimo cha kibandiko. Usiipulizie zaidi ya mara 2 kwa msimu, maana kimelea hiki huzoea metalaksili upesi. Salfa (dawa ya kiberiti) haifanyi kitu hapa: kimelea cha bakajani chelewa si kuvu halisi.

Mei, maboga ya jirani na tuta

Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, ambao hauhitaji jani kulowa. Kwa kuwa majani haya ni mboga, tumetumia maziwa, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, asubuhi yenye jua, kila wiki. Salfa ingefaa kwa maboga yasiyochumwa majani, lakini joto likizidi nyuzi 30 huunguza.