Uzima wa Gari la Umeme la Moduli Umo Katika Maungio Yake

Kila ninapomwonyesha mtu michoro yangu ya gari dogo la umeme la mjini la moduli, yaani la sehemu zinazotenganishwa, ambalo chasisi yake (fremu ya chini yenye magurudumu) ni moja na bodi zake za kukalia juu ni kadhaa, macho yake hukimbilia bodi. Huuliza ile ya abiria itakuwa na viti vingapi, na mlango wa ile ya mizigo utafungukia upande gani. Ni maswali mazuri, lakini baada ya miaka ya kuchora na kufuta nimeamini kwamba ugumu wa gari la aina hii umo katika maungio yake, yaani pale sehemu moja inapokutana na nyingine.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2002 General Motors ilionyesha AUTOnomy, gari la majaribio lililotumia haidrojeni kuzalisha umeme wake, ambalo mitambo yote ilikuwa imelazwa ndani ya chasisi bapa mfano wa skeitibodi ili bodi yoyote iweze kukalia juu yake. Mwaka 2018 Mercedes-Benz ikaja na Vision URBANETIC, ambalo bodi yake moja ilikusudiwa kubeba abiria hadi 12 na nyingine mizigo. Umeme ndio uliofungua njia hiyo, kwa sababu mota ni ndogo, na usukani ukiendeshwa kwa ishara za waya hakuna tena chuma kinacholazimika kupenya sakafu.

Hata hivyo, sivutiwi na ndoto ya kubadilisha bodi kila siku, asubuhi watu na usiku vifurushi. Bodi iliyovuliwa lazima iwekwe mahali, na miji iliyokwisha kubanwa na magari haina uwanja wa kuhifadhia maganda yake. Faida ninayoiona mimi huhesabiwa kwa miaka. Betri huchakaa kwa kasi yake, bodi kwa yake, na vifaa vya kielektroniki hupitwa na wakati kabla chuma hakijaota kutu. Gari linaloweza kubadilishiwa kimoja bila kutupa vingine litaishi zaidi, na madini yaliyochimbwa kwa ajili yake yatatumika ipasavyo.

Chukua maungio ya betri peke yake. Betri za magari mengi ya umeme zina volti 400 hivi, na nyingine hufika 800, kiasi kwamba kuchomoa kiunganishi wakati mkondo bado unapita huzua cheche kali inayoweza kuyeyusha pini na kumdhuru vibaya aliye karibu. Kwa hiyo katika kiunganishi kilichobuniwa vizuri huwekwa pini fupi za ishara ambazo huachana kabla ya zile ndefu zinazobeba umeme mkubwa. Saketi yao ndogo inapokatika, swichi zilizo ndani ya betri hukata mkondo, na pini ndefu huachana zikiwa hazina kitu. Milimita chache za tofauti ya urefu ndizo zinazolinda uhai wa fundi. Bado kuna mabomba ya kipozeo, yaani kimiminika cha kupoza betri, ambayo lazima yajifunge yenyewe yanapotenganishwa, na kuna data, kwa kuwa chasisi inapaswa kujua imepachikwa betri gani na ina joto kiasi gani.

Maungio yote haya yana uzito. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wameifanya betri kuwa sehemu ya mwili wa gari, na siwalaumu, kwani gari huwa jepesi na imara zaidi, ingawa betri hiyo haitoki kwa urahisi.

Kisha lipo swali ambalo mchoraji hawezi kulijibu peke yake: maungio ni mali ya nani? Better Place, kampuni iliyojenga vituo vya kubadilishia betri, ilifilisika mwaka 2013. Miongoni mwa sababu ni kwamba gari moja tu sokoni, Renault Fluence Z.E., ndilo lililoweza kutumia vituo hivyo. Kontena za meli zilipita njia nyingine. Malcom McLean alisafirisha kontena 58 katika meli Ideal X mwaka 1956, na baadaye akaachia hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, ili wengine wazitumie, hivyo vishikizo vya kwenye pembe za kontena vikaweza kuwa kiwango cha dunia nzima. Kwa pikipiki, Honda, Yamaha, KTM na Piaggio ziliunda umoja wao mwaka 2021 ili kukubaliana juu ya betri za kubadilishana. Kwa magari madogo ya mjini natamani kuona makubaliano ya namna hiyo.

Katika mchoro wangu wa sasa betri inatoka kwa dakika chache, ilhali bodi imeshikwa kwa bolti nane na kuivua ni kazi ya karakana. Bolti hizo nimeziacha kwa makusudi.