Baba yake babu nilimkuta pambizoni

Kumhusu baba yake babu, ukoo wetu ulibaki na sentensi moja: "Alikuwa seremala, akaondoka." Hana picha wala kaburi linalojulikana, na babu mwenyewe hakupenda kumzungumzia.

Nilianza vibaya. Niliingia FamilySearch, tovuti ya bure ya Wamormoni, ambao wamekuwa wakipiga picha nyaraka za ukoo tangu 1938, nikaandika jina lake kama tunavyolitamka nyumbani: Yakobo. Wakaja akina Yakobo wa kila namna, wangu hayupo. Wiki tatu nilikesha hivyo.

Shangazi alinicheka. "Mwanangu, unawatafuta wafu kwenye simu na mimi mzima nimekaa hapa?" Akanieleza kwamba babu yake alibatizwa Mkatoliki, na kwamba watu walipenda kumwomba asimamie ubatizo wa watoto wao. Hilo la pili nililiandika kwa adabu tu. Kumbe ndilo lililokuwa na faida.

Kwenye parokia nilipewa meza, daftari kubwa lenye harufu ya vumbi, na onyo la kutolowesha vidole mate. Maandishi yote ni ya Kilatini. Yakobo hayumo, yumo Jacobus, na mahali pengine Jacobi, kwa kuwa Kilatini hubadili mwisho wa jina kufuatana na kazi yake katika sentensi. Nikaanza kumwona kila baada ya kurasa chache, sikuzote kwenye mistari ya watoto wa watu wengine, kama msimamizi. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza mwaka 1563 kwamba majina ya wasimamizi yaandikwe, kwa sababu ubatizo ulihesabiwa kuleta undugu wa kiroho unaozuia ndoa. Agizo hilo la kuzuia ndoa ndilo lililonihifadhia seremala wangu. Nilinakili kila mstari, na wazazi wa kila mtoto. Baadaye ghafla hayumo tena.

Nikarudi kwenye mstari wa ubatizo wake mwenyewe, ambao nilikuwa nimeusoma haraka mno. Pambizoni palikuwa na maandishi mawili madogo, kila moja kwa wino wake. Tangu 1908 Roma inataka ndoa ya mtu iandikwe pia kwenye daftari alikobatiziwa, hata akifungia ndoa mbali. La kwanza lilikuwa ndoa yake na mama yake babu. La pili lilikuwa na tarehe ya miaka mingi baadaye, jina la mwanamke tusiyemfahamu, na jina la parokia ya mbali. Mama yake babu alifariki mapema, hilo tulilijua. Hatukujua kwamba mjane huyo alioa tena.

Niliandika barua parokia hiyo, nikangoja miezi minne. Jibu lilikuja na nakala ya mistari mitatu: ndoa, maziko, na kati yake ubatizo wa mtoto wa kiume.

Nilimsomea Shangazi. Nilipofika kwenye jina la mtoto akanishika mkono. Lilikuwa jina la babu, vilevile, herufi kwa herufi.

"Alimwacha mmoja," akasema, "akamwita tena."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huyo wa pili alizaa.

Barua ya pili nimeipeleka Jumatatu.