Tisini, Hamsini, Kumi

Jana mwanangu kasikia kwenye taarifa ya habari kwamba kuna milima imekadiriwa kuwa na lithiamu, ile ya betri, ambayo bado haijagunduliwa. Akanigeukia: "Sasa kama haijagunduliwa, wameihesabuje?"

Nikakumbuka semina ya makadirio hayo Mbeya, ukumbi wa ghorofani, baridi ya Julai, tumevaa makoti ndani.

Ya semina nayapitia haraka. Mbinu ile ya kukadiria madini yasiyogunduliwa ilianza kutumika Alaska miaka ya 1970, na jina linalotajwa sana ni Donald Singer wa USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani. Kwanza mnachora kwenye ramani maeneo ambayo miamba yake inaruhusu. Lithiamu ya milimani hukaa kwenye pegmatiti, mwamba wa chembe kubwa kubwa: magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikipoa, lithiamu haipati nafasi kwenye madini ya kawaida, hivyo inabaki kwenye kile kinachoganda mwisho. Huko ndiko utakuta madini yenye lithiamu: spodumeni, au ule ulanga wa zambarau. Halafu wajuzi wanakisia idadi ya mashapo, yaani malimbikizo ya madini, yaliyojificha: angalau mangapi yapo kwa uhakika wa asilimia 90, mangapi kwa 50, mangapi kwa 10. Kompyuta inachanganya makisio hayo na ukubwa wa mashapo yanayojulikana kwingine, inarudia maelfu ya mara.

Sisi tulikuwa kwenye zoezi tu, ramani ya ukanda wa Ubendi, miamba ya kale ya kusini magharibi mwa Tanzania, mezani. Kila mtu anaandika kimya, bila kuchungulia kwa jirani. Mzee wetu wa Chunya, mchimbaji wa dhahabu ya Lupa tangu ujana, aliyekuwa akituongoza porini, alikaa nyuma akipasha viganja kwa kikombe cha chai. Mwezeshaji akampa naye karatasi, nadhani kwa heshima tu.

Mzee akaishika biro karibu na ncha, akakandamiza. Sifuri. Akatulia. Sifuri. Kwenye safu ya asilimia kumi akainua kichwa: "Hii maana yake nini, mwanangu?"

"Maana yake, mzee," mwezeshaji akajibu, "tungekuwa na safu mia za milima kama hii, kumi tu ndizo zingefikisha idadi hiyo."

Akaandika 9.

Wenye digrii hapo kwenye kumi tuliandika moja, wachache mbili. Karatasi ziliposomwa, ukumbi ukacheka. Mwezeshaji hakucheka, aliyeachana na wenzake lazima ajieleze.

"Hii ya kumi," mzee akasema, "ndiyo iliyonipeleka Lupa."

Mpaka leo naona alituzidi. Asiyejua anatakiwa aache pengo pana kati ya hamsini na kumi, na sisi tulilibana ili tuonekane wataalamu. Ila tisa? Hata sijui.

Tukishuka ngazi akanishika bega. "Na benki, wao wanasoma ipi?"

"Tisini, mzee."

"Ahaa. Ndiyo maana hawajawahi kunikopesha."