Herufi Moja

"Ungeacha kuimba."

Ni maneno mawili tu, na Dada aliyasema bila hata kuinua uso kutoka kwenye nguo alizokuwa anakunja. Ilikuwa Jumamosi. Leo ni Ijumaa usiku na bado ninayo. Nimeingia nayo zamu tatu, nimelala nayo mchana, nimeamka nayo. Wiki hii kifungua mimba wangu ameondoka nyumbani kwenda chuo, wodi yetu imepata mkuu mpya, na majibu ya vipimo vya Mama yametoka mazuri, alhamdulillah. Lakini nikikaa kuandika, kinachokuja ni hayo maneno mawili.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa kwa Dada tunamsaidia binti kufungasha. Nguo zimetapakaa kitanda kizima, Dada anakunja, mimi napanga sandukuni, binti ameketi sakafuni na simu yake. Akaniuliza nikiwa msichana mdogo niliupenda wimbo gani kuliko zote. Sikuhitaji kufikiri. Mnaonisoma siku nyingi mnaujua, ni ule wa mwanamume anayeaga mlangoni, wenye gitaa linaloanza peke yake kabla ngoma hazijaingia. Ule niliowaimbia wanangu wote watatu kabla ya kwenda zamu ya usiku, nimeshavaa sare, nimekaa ukingoni mwa kitanda chao. Jina lake sijawahi kulitaja hapa na leo ndiyo kabisa, maana mtakwenda kuusikiliza, nami sitaki kuuzungumza na mtu hadi nimeuzoea upya.

Kiitikio chake ni neno moja linalorudiwa mara nne. Nitarudi.

Binti akautafuta, akaupata, akauweka. Sauti safi, utadhani mwimbaji yumo chumbani. Gitaa likaanza nami nikafumba macho. Papo hapo nikawa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya baridi, sikio karibu na spika, mbele yangu ile redio kaseti yetu ambayo mlango wake ulikuwa umevunjika ukafungwa kwa mpira. Nikasikia hata harufu ya betri zilizopashwa moto juani ili zipate nguvu kidogo. Sijui kama kuna kitu kingine duniani kinachoweza kumrudisha mtu nyuma kwa kasi ile. Picha nikiitazama najua ni picha, lakini wimbo hauniulizi kama niko tayari.

Kiitikio kilipofika nikaimba kwa sauti yangu yote.

"Mama," binti akasema, "hasemi hivyo."

"Anasemaje?"

"Anasema sitarudi."

Nikamwambia asikilize vizuri. Akarudisha nyuma, akaongeza sauti. Sitarudi. Akarudisha tena. Ile s ilikuwa kali, kama mtu anayepasua kitambaa kipya. Mara nne, zote s. Nikamgeukia Dada ili ashangae pamoja nami. Hakushangaa.

"Sisi tulikuwa tunajua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Kwamba hapo unakosea."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Mbona hamkuniambia?"

Akakunja mkono mmoja wa blauzi, akakunja wa pili, akaiweka juu ya zile nyingine na kuilaza kwa kiganja.

"Ungeacha kuimba."

Basi. Mazungumzo yakahamia kwenye mashuka.

Tangu siku hiyo nimeyarudia mara ngapi sijui. Nikipima presha nayasikia, nikibadilisha dripu nayasikia. Kwanza lile "sisi". Sisi nani? Dada na nani? Nikaanza kuhesabu watu waliowahi kunisikia nikiimba. Marehemu shangazi. Wenzangu wa chuo cha uuguzi. Kisha nikakumbuka ile siku ya kumuaga matroni wetu aliyestaafu, nilivyosimama mbele ya watu nikamwimbia huo wimbo kwa sababu niliamini ni wa mtu anayeahidi kurudi kututembelea. Walinipigia makofi. Sasa nawaona mmoja mmoja usoni, nauliza nani alijua. Nyakati nyingine Dada namsikia kama anayenidharau, nyakati nyingine namsikia amechoka tu. Nimejaribu hata kutamka mwenyewe jikoni, ungeacha kuimba, kwa sauti ya ukali, kisha ya upole, nione ipi inafanana na yake.

Na wanangu. Miaka yote ile nimekaa kitandani mwao nikiwaimbia wimbo wa mtu anayeondoka moja kwa moja, huku nimeshika mkoba wa kazini. Kiswahili chetu kinaweza kubeba jambo zito hivyo kwenye herufi moja. Ng'oa n, pachika s, na mtu aliyekuwa njiani kurudi anakuwa amekwenda kabisa. Maneno mengine yote ya wimbo yanabaki palepale yakikubaliana na vyote viwili. Anaaga, anasema njia ni ndefu, anaomba asililiwe. Mtu wa kurudi husema hayo, na mtu wa kutorudi husema hayohayo.

Binti aliona nimenyong'onyea. Jumanne akiwa njiani akanitumia ujumbe kuhusu mwandishi wa Marekani, Sylvia Wright, aliyeandika mwaka 1954 kwamba utotoni mama yake alikuwa akimsomea shairi la kale la Uskoti. Ndani yake mkuu wa Moray anauawa na kulazwa kwenye majani. Mtoto akasikia kwamba mkuu huyo ameuawa pamoja na bibi mmoja aitwaye Mondegreen. Akampenda yule bibi, akamwona akilini amekufa kando ya bwana wake bila kumtoroka. Hakuwahi kuwapo. Ni maneno ya Kiingereza "laid him on the green", yaani wakamlaza kwenye majani, yaliyoungana masikioni mwa mtoto. Hadi leo Waingereza na Wamarekani hulitumia jina la bibi huyo kuitia neno lolote la wimbo lililosikiwa vibaya. Kilichonigusa ni kwamba Sylvia hakutaka kumwacha. Alisema masikio yake yalitoa kitu bora kuliko shairi lenyewe. Nilimjibu binti kwa moyo mmoja na kumwambia afike salama, nikaweka simu chini. Mimi sikuwa na bibi wa kumtetea. Nilikuwa na Dada na blauzi zake.

Jumatano usiku wodi ilitulia, nikamweleza fundi wetu wa vifaa, yule niliyewahi kuandika jinsi alivyoifufua mashine ya oksijeni usiku wa manane. Hakucheka. Aliniuliza kaseti ilitoka wapi. Nikamwambia ilikuwa nakala, tena nakala ya nakala, iliyopita mikono ya watu kabla ya kufika kwetu.

"Sista," akasema, "s ndiyo ya kwanza kufa."

Akachukua kalamu akanichorea nyuma ya karatasi ya chati. Sauti ya n hupita puani, iko chini, nzito. Sauti ya s nguvu zake nyingi ziko juu sana, kuanzia hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kila sekunde, na kwenda juu. Utepe wa kaseti upana wake haufiki milimita 4, na unapita kwenye kichwa cha kusomea kwa sentimita 4.76 tu kila sekunde. Mwendo huo ni wa pole mno kwa sauti nyembamba. Kichwa kikishika uchafu usiofutwa kwa pamba na spiriti, au kaseti ikinakiliwa kutoka kwenye nakala, nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Halafu utepe wenyewe una mvumo wake, ssss ndefu isiyokatika, hivyo hata s iliyosalia inazama humo. "Ulichosikia ndicho kilichokuwapo," akaniambia. Nilitamani kumkumbatia. Nilirudi nyumbani asubuhi nikiwa mwepesi, nikajiambia kosa ni la utepe, nikalala usingizi mzuri wa kwanza tangu Jumamosi.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini jana, kwa ile furaha, nikapanda juu ya kiti nikashusha lile boksi la juu ya kabati, nitafute daftari letu la nyimbo nimpigie picha fundi. Mnaolingana nami umri mnayajua madaftari yale. Unacheza maneno matatu, unabonyeza stopu, unaandika, unarudisha nyuma, unacheza tena, hadi kitufe kinalegea. Dada ndiye aliyekuwa anaandika kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri, mimi nilikuwa wa vitufe. Yeye ana miaka 16, mimi 12. Nimewahi kusoma kwamba mtu mzima akiulizwa habari za maisha yake, kumbukumbu nyingi hutoka kati ya miaka 10 na 30, na kwamba nyimbo za umri huo hushika kuliko zinazokuja baadaye. Kwa hiyo nilidhani ukurasa ule naujua kwa moyo.

Siujui. Au niliuficha.

Kiitikio kimeandikwa kwa wino wa buluu wa Dada, mwandiko ulioinama kulia. Mstari wa kwanza neno limeanza na s. Hiyo s imefutwa kwa penseli, imekwaruzwa mpaka karatasi ikachanika kidogo, na juu yake kuna n kubwa yenye miguu iliyokandamizwa. Hiyo n ni yangu. Hadi leo naandika n hivyo, wenzangu wodini huijua kwenye ripoti. Mstari wa pili vilevile, na wa tatu vilevile.

Niliketi pale chini kabatini. Dada aliisikia. Kaseti ileile, spika ileile, masikio mawili yamelazwa bega kwa bega sakafuni, na yeye aliisikia s.

Ndipo ikaja. Haikuja kwa mkupuo kama ule wimbo ulivyokuja Jumamosi, ilikuja kwa kusukumwa. Nilikuwa napiga kelele. "Hasemi hivyo! Hasemi hivyo!" Nilimnyang'anya daftari. Nilikuwa nalia, kilio cha kukata pumzi, na Dada ananiziba mdomo ili Mama asisikie chumba cha pili. Ulikuwa mwezi ambao Baba alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi mbali, na barua ilikuwa bado haijaja hata moja. Alirudi, mnajua alirudi na nilishaandika alirudi vipi, sitayagusa tena hayo. Lakini mwezi ule hakuna aliyejua.

Nikarudi kuutazama ukurasa, maana nilikuwa sijafika mwisho wa kiitikio. Mstari wa nne hauna penseli wala haujakwaruzwa. Ni wino wa buluu mtupu, mwandiko ulioinama kulia, wa Dada tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Ameandika nitarudi.

Na ukigeuza ukurasa, kiitikio kinapojirudia baada ya ubeti wa pili na wa tatu, zote ni n, zote kwa mkono wake.

Sasa naisikia tofauti ile "ungeacha kuimba". Naona kiganja kinavyolaza blauzi. Hata lile "sisi" nadhani nimelijua ni nani, kwa sababu chumba cha pili hakikuwa mbali na Mama hakuwa kiziwi. Nimepiga picha ule ukurasa. Mara tatu nimefungua ujumbe wa Dada niutume, mara tatu nimefunga. Sijui niandike nini chini yake. Asante ni neno dogo, na nikiandika maneno mengi atanijibu kwamba nimechoka nilale. Huenda nikaenda mwenyewe Jumapili na daftari mkononi, nimpe tu ashike.

Binti ameuliza usiku huu kama nimepoa. Nimemwambia nimepoa. Nimemwimbia kiitikio kwenye simu, kwa n, naye akaitikia kwa n.

Halafu kuna jambo la kitinda mimba. Tangu Jumatano nimeona anaposoma analeta kitabu karibu kabisa na pua, na televisheni ameanza kukaa miguuni pake. Nimemuuliza, anasema hana tatizo. Jioni hii nimemwandikia herufi kwa kalamu nene, kila mstari mdogo kuliko wa juu yake, nikabandika mwisho wa korido na kumpimia mita 6. Mstari wa kwanza na wa pili kasoma haraka. Wa tatu alikaza macho. Wa nne alikuwa anakisia.