Kumbukumbu ya mradi: friwili iliyoganda na safari ya kipupwe ya Isyonje

Jumamosi iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu kipupwe kianze, nilimaliza mzunguko wa kikundi chetu kutoka Uyole, Mbeya, hadi Kikondo na kurudi bila pedali kuzunguka bure hata mara moja. Ninaandika mikono ikiwa bado inanuka mafuta ya cherehani, kwa sababu tatizo hili limenikosesha usingizi mwezi mzima, na nisingependa hatua zake zipotee kichwani kabla sijaziweka kwenye maandishi.

Safari ya kwanza niliyojiunga na kikundi ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Tulikuwa watu tisa, tukaondoka Uyole kabla jua halijachomoza, tukashika barabara ya Tukuyu inayopanda milima ya Poroto. Baiskeli yangu ni ya mtumba, yenye gia sita nyuma, na wiki moja kabla ya safari nilikuwa nimeihudumia mwenyewe kuanzia usukani hadi ekseli. Kwenye lami ilipanda vizuri kabisa. Tulipoiacha lami Isyonje na kushika kushoto, barabara ya kuelekea Kitulo, ilipita kwenye vumbi laini na mawe bila kunisumbua. Kisha ukaja mteremko wa kwanza wa maana, ambao niliachia pedali zikatulia, nikashuka hadi bondeni ambako sakitu, yaani umande ulioganda, ilikuwa bado nyeupe juu ya nyasi. Nilipokanyaga ili nianze kupanda upande wa pili, pedali zilizunguka kana kwamba cheni haipo. Nilitazama chini: cheni ilikuwepo, gia zilikuwa zinazunguka, lakini gurudumu lilikuwa limesimama.

Kiongozi wa msafara alisimama nami, na wenzetu wawili wakarudi. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na mengi yalihusu cheni. Dada mmoja mwalimu, ambaye alikuwa hajasema neno, alitoa chupa ya chai kwenye begi lake, akaniambia, "Kaka, lishike gurudumu limesimama wima." Akamimina chai ya moto polepole juu ya friwili, kile kifaa chenye gia za nyuma kinachoacha gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia. Tulingoja kidogo, nikageuza pedali kwa mkono, na gurudumu likashika. Niliendesha kwa dakika ishirini hivi, mpaka mteremko uliofuata, na baada ya hapo pedali zikawa tupu tena. Nilirudi Isyonje nikiikokota baiskeli, nikapanda Noah hadi Uyole, nikiwa nimeumia moyo kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyependa baiskeli.

Jumatatu nilimpelekea fundi mmoja mjini. Ilikuwa saa nane mchana na jua kali, na friwili ilishika kila mara alipoijaribu. Akaniambia cheni imelegea, akaibadilisha. Sikumbishia, na fedha hiyo ilipotea bure. Alfajiri iliyofuata nilitoa baiskeli uani, nikalisukuma gurudumu, nikasikiliza. Friwili nzima hutoa mlio wa haraka gurudumu linapozunguka peke yake, kwa kuwa vile vilimi viwili vya chuma vilivyomo ndani huinuka na kuanguka juu ya meno. Yangu ilikuwa kimya kabisa. Saa nne, jua lilipofika uani, ikaanza kulia yenyewe.

Hapo nilielewa jambo ambalo ningepaswa kulitambua tangu siku ya chai. Mtu anapopanda mlima bila kuacha kukanyaga, vilimi vimekwisha kushika na havina sababu ya kuachia. Anapoteremka pedali zikiwa zimetulia, meno huvisukuma vilimi vilale, na kazi ya kuviinua tena ni ya springi nyembamba kama unywele. Ikiwa kilichomo ndani ni kizito, springi haina nguvu ya kushindana nacho. Na kilichokuwemo ndani nilikiweka mwenyewe: grisi nzito ya magari, ambayo niliishindilia kwa moyo mkunjufu nikiamini kwamba nyingi ndiyo bora. Kwa gololi za ekseli haikuwa na madhara niliyoyaona. Kwa friwili, kwenye baridi ya Poroto, ilikuwa gundi.

Kuelewa hakukuwa kutengeneza. Kwanza nilijaribu njia fupi, nikalaza gurudumu ubavuni na kudondosha petroli kwenye mwanya wa friwili huku nikiizungusha, mpaka ikalia. Ililia siku mbili. Siku ya tatu alfajiri ilikuwa kimya, maana petroli ilikuwa imelainisha grisi ya juu tu na iliyobaki ikarudi mahali pake, safari hii ikiwa imechanganyika na vumbi la udongo wetu wa volkano, ambalo ni laini kama unga na hupenya penye mwanya wowote.

Ilibidi niifungue. Kuitoa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni jambo la dakika moja kwa mwenye kifungulio chenye meno kinachoingia sawasawa: unakibana kifungulio kwenye jiriwa, unakalisha gurudumu juu yake, na kulizungusha lote kama usukani wa lori. Nina msimamo mkali juu ya kifaa hiki. Nimeona friwili nyingi zilizopasuliwa kwa nyundo na tindo, na habu zilizoharibiwa pamoja nazo, na mafundi wanaofanya hivyo si kwa kukosa ujuzi bali kwa sababu hakuna aliyewahi kuwawekea kifungulio mkononi. Kama mtu ana fedha ya kununua kifaa kimoja tu cha baiskeli mwaka huu, ningemshauri anunue hicho kabla ya pampu nzuri na kabla ya spana za kung'aa.

Kifuniko cha friwili yenyewe ndicho kilichonitesa. Kina matundu mawili madogo ya kugongea ponchi, na kwa siku tatu mfululizo nilikigonga kuelekea kushoto, kama inavyofunguliwa nati yoyote, nikakigonga mpaka tundu moja likaanza kukatika. Nilikipaka mafuta ya taa, nikakiacha kilale, nikakigonga tena. Jioni ya siku ya tatu, kwa kukata tamaa, niligonga upande wa pili, kikalegea kwa pigo la pili. Hesi zake, ile mikato ya kuzungushia, zimekatwa kinyume, kwa sababu zingekatwa kwa kawaida kifuniko kingejifungua chenyewe njiani. Nililiandika jambo hilo ukutani kwa chaki, juu ya meza ya kazi, na halitafutwa.

Kabla ya kukiinua kifuniko nilitandika kanga kuukuu mezani, na ningemsihi kila mtu afanye vivyo hivyo. Gololi zilizomwagika zilikuwa ndogo mno, za kipenyo cha milimita tatu hivi, na zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Vilimi viwili vilikuwa vimezama ndani ya tope la kahawia, na kimoja sikuweza kukiinua hata kwa ncha ya sindano.

Nilisafisha kila kitu kwa petroli, nikakausha, kisha swali likawa ni mafuta gani yarudi ndani. Hapa niliacha ratiba yangu yote. Nilikuwa nimepanga wiki hiyo kufunga tairi pana za kashata na taa mpya ya mbele, lakini nilipata wazo ambalo lilinitawala: kama baridi ndiyo adui, basi niilete baridi nyumbani. Mama mwenye duka la soda, jirani yangu, alikubali niweke friwili kwenye jokofu lake kila usiku, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri ili isichafue chupa zake. Kila alfajiri niliichukua, nikaizungusha kinyume ili vilimi vilale, kisha nikaijaribu kama inashika, mara kumi. Kwa grisi ileile ya magari ilishika mara tatu. Kwa oili ya injini ilishika mara nane, na hizo mbili zilizokosa zilinitosha kuikataa, maana mara moja tu ya kukosa inatosha kumwangusha mtu aliyesimama juu ya pedali. Kwa mafuta ya cherehani ilishika mara kumi. Nilirudia usiku wa pili na wa tatu, ikashika kila mara, na siku hiyo mama yule alifurahi karibu kama mimi.

Mafuta ya cherehani ni mepesi na hayatadumu, hilo nalijua. Nimejiwekea utaratibu wa kudondosha matone machache kila baada ya wiki mbili, na mara moja zaidi baada ya kila safari yenye matope au vumbi zito. Tairi za zamani zingalipo; taa nayo bado imo kwenye boksi. Kitu pekee kingine nilichoongeza kabla ya safari ni vifuniko vya mikono, nilivyovishona kwa kipande cha blanketi na kuvifunga juu ya usukani, kwa kuwa kwenye safari ya Juni vidole vyangu vilikuwa havisikii breki.

Jumamosi tuliondoka Uyole tukiwa saba. Kwenye bonde lile lile, ambako sakitu ilikuwa nyeupe kama mara ya kwanza, niliachia pedali kwa makusudi tangu juu kabisa, nikashuka nikisikiliza mlio wa friwili ukizidi kadiri mwendo ulivyoongezeka, na chini kabisa nilikanyaga kwa nguvu zote. Ilishika. Nilipanda upande wa pili nikiwa nimesimama juu ya pedali, jambo ambalo sikuthubutu kulifanya kwa mwezi mzima, na nilipofika juu nilisimama kumngoja yule dada mwalimu, nikamwambia, "Dada, leo chai yote ni yako." Tulifika Kikondo kabla ya saa tano, nyasi zikiwa zimekauka rangi ya shaba kote tunakotazama kuelekea Kitulo, na upepo ukivuma moja kwa moja usoni.

Jana jioni kiongozi wetu amekuja nyumbani na gurudumu lake la nyuma, analosema linakosa mara moja moja kwenye baridi. Kifuniko chake kimefunguka kwa pigo la kwanza, kwa upande sahihi, na friwili yake sasa imo kwenye jokofu la dukani, karibu na soda za chungwa, ikingoja alfajiri.