Siku moja maishani mwangu: kupeleka wageni Maziwe

Saa 11 alfajiri natazama bahari kabla ya chai. Mwezi ni mpevu, bamvua limeingia, yaani maji yanajaa na kupwa sana, maji yatapwa kabisa mnamo saa 4. Maziwe, karibu na pwani ya Pangani, huonekana maji yakipwa tu. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, kisha bahari ikakila. Limebaki fungu la mchanga na matumbawe yake.

Saa 1: petroli, majaketi ya kuokolea, tozo ya hifadhi.

Saa 2 wageni wanafika Pangani, familia kutoka Korogwe. Nawaomba losheni za jua zibaki mkobani, wavae fulana za mikono mirefu. Losheni nyingine zina oksibenzoni, kemikali ya kuzuia jua, nayo inadhuru matumbawe machanga.

Saa 3 na nusu, nahodha anapunguza mashine. Nasimama omoni, mbele ya boti, na nanga mkononi. Penye weusi ni mwamba, penye weupe ni mchanga. Nanga haishuki mpaka nione weupe mtupu. Ikishatua, naruka kuhakikisha haiburuti. Mgeni akilalamika tunachelewa, na achelewe.

Majini nakaa karibu na watoto. "Miguu juu, mwanangu, usikanyage!" Pwani hii ya Tanga iliumizwa sana na uvuvi wa baruti, na kovu lake ni vifusi: vipande vya matumbawe vidogo kama vidole, vinabingirika kila wimbi likipita. Tumbawe changa likijishika hapo linasagwa. Lakini pembeni, juu ya mwamba imara, kuna tumbawe la matawi, rangi ya kahawia, ncha nyeupe. Ncha hizo ndizo zinazokua. Visamaki vinajificha ndani yake mkono ukikaribia.

Binti anauliza kama ni jiwe. Namwambia ni wanyama, maelfu, wanaolishwa na mwani mdogo sana wanaoishi nao mwilini. Maji yakipata joto kupita kiasi wanautema, wanabaki weupe. Mwaka 1998 mengi yalikufa hivyo.

Tunakula funguni, takataka zinarudi botini. Tukikuta nyayo za kasa tunatoa taarifa, maana mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, bara, yasizamishwe na maji.

Saa 7 tunang'oa nanga, fungu linaanza kumezwa.

Jioni nasuuza miwani na mirija, nawapigia wageni wa kesho: maji yatapwa kama dakika 50 baadaye, waje saa 3.